Pumu na Msimu wa Ghala

Kila mwaka kati ya Juni na Septemba, vyama vya msingi vya Nyanda za Juu Kusini huwa na kazi nyingi kuliko wakati mwingine wowote. Kahawa hupimwa, magunia hupangwa, mahindi hupukuchuliwa, na malori hupakiwa hata usiku. Ndiyo miezi hiyo hiyo ambayo watu wenye pumu hutaabika zaidi. Jambo hilo si la kubahatisha, wala si mkosi wa mtu. Baridi, vumbi la mavuno na moshi wa jikoni hukutana katika msimu mmoja, na mtu ambaye kifua chake kilikuwa kimetulia tangu Machi hujikuta akiamka saa tisa usiku kutafuta pumzi.

Ilomba, kata ya Jiji la Mbeya iliyo kando ya barabara kuu iendayo Tunduma na Zambia, ni mahali panapoonyesha hayo waziwazi. Mbeya iko kwenye kimo cha mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Juni na Julai baridi yake ni kali, na alfajiri moshi wa kuni na mkaa hulala juu ya mapaa ya nyumba kwa kuwa hewa baridi haipandi upesi. Malori ya dizeli hupita mchana na usiku. Kiangazi kinapozidi, upepo huanza kupeperusha vumbi la barabara za mitaa, na kila mlango ulio wazi hupata fungu lake.

Yafaa kuchukua mfano wa mtunza ghala wa mahali kama hapo. Ni mfano tu, lakini makatibu wengi wa vyama watamtambua. Mtu huyo ana umri wa miaka 34 na amefanya kazi ya ghala kwa misimu minne. Msimu wa kwanza alipiga chafya na kuwashwa macho. Msimu wa pili alipata kikohozi kikavu cha usiku. Msimu wa tatu kifua kilianza kupiga mluzi kila alipobeba gunia, nacho kilitulia siku ya Jumapili na wakati wa likizo. Akanywa tangawizi, akaambiwa ni baridi. Akanunua vidonge vya kuua bakteria katika duka la dawa, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Hakumwambia katibu, kwa maana aliogopa mambo mawili: kwamba ni kifua kikuu, na kwamba atapoteza kazi. Msimu wa nne alichukuliwa usiku akiwa hawezi kusema maneno matatu bila kupumzika.

Misimu yote hiyo minne ugonjwa ulikuwa ukijieleza wenyewe. Haukuwa na siri. Hakuna aliyejua kuusoma.

Hewa ivutwayo puani hupita kooni na kuingia katika bomba kuu la pumzi. Bomba hilo hugawanyika mara mbili, tawi moja kwa kila pafu, na kila tawi hugawanyika tena na tena, zaidi ya mara 20, mithili ya mti uliopinduliwa, hata kufikia vifuko vidogo mno vya hewa ambavyo idadi yake ni mamia ya milioni. Katika vifuko hivyo ndimo damu inamopata hewa safi na kuacha hewa chafu. Pumu haikai katika vifuko. Hukaa katika matawi, yaani mirija ya hewa, na kwa sababu hiyo mtu anaweza kuwa na mapafu mazima lakini akakosa njia ya kuyafikia.

Mambo matatu hutokea ndani ya mirija hiyo wakati wa shambulio. Misuli myembamba iliyoizunguka hukaza kama kamba ya mdomo wa gunia. Utando wa ndani huvimba. Kisha makamasi mazito, yenye kunata, humwagika na kuziba nafasi ndogo iliyosalia. Mkulima aliyewahi kumwagilia bustani kwa mpira anajua kwamba mpira mwembamba hupitisha maji kidogo, lakini huenda hajui ni kidogo kiasi gani. Upana wa mrija ukipungua kwa nusu, ugumu wa kupitisha hewa hauongezeki mara mbili, bali huongezeka kama mara 16. Hii ndiyo sababu mtu wa pumu anaweza kuonekana mzima saa kumi na mbili jioni na kuwa taabani saa mbili usiku. Mrija umepungua kidogo tu, lakini hesabu yake ni kali.

Mgonjwa husema hawezi kuvuta pumzi. Kwa hakika taabu kubwa zaidi ni kuitoa. Anapovuta, kifua hupanuka na kuivuta mirija iwe wazi kidogo. Anapotoa, mirija husinyaa, na ile iliyokwisha kuwa myembamba hujifunga kabla hewa haijatoka. Hewa hukwama. Kifua hujaa kama ghala lisilopakuliwa, na hewa mpya haina pa kuingia. Mluzi unaosikika ni sauti ya hewa ikilazimishwa kupita katika tundu jembamba. Alfajiri huwa mbaya zaidi, kwa kuwa hata kwa mtu mzima wa afya mirija hupungua upana kidogo saa hizo. Kwa mtu wa pumu kupungua huko kidogo kunatosha.

Kuna jambo moja ambalo lisipoeleweka, mengine yote hayana faida. Uvimbe wa mirija hauondoki shambulio linapokwisha. Mtu hutembea, hucheka, hubeba magunia, na mirija yake ingali imevimba na kuwa tayari kukaza kwa sababu ndogo. Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba pumu humjia mtu na kumwacha. Uvimbe ukiachwa miaka mingi bila tiba, kuta za mirija hunenepa na kukakamaa, na sehemu ya upana uliopotea huenda isirudi tena.

Pumu si ya namna moja. Iliyo ya kawaida zaidi, hasa kwa waliougua tangu utotoni, ni ile ya mzio. Kinga ya mwili hukosea na kukichukulia kitu kisicho na madhara, kama vile manyoya ya paka, chavua ya maua, kinyesi cha mende au utitiri wa vumbi katika godoro na blanketi, kuwa adui wa kupigwa vita. Namna hiyo hufuata ukoo: mzazi mwenye pumu, au mwenye mafua ya mzio na ngozi yenye kuwasha, anaweza kumrithisha mtoto mwelekeo huo. Utitiri hupenda unyevu, hivyo nyumba za Rungwe, wilaya iliyo miongoni mwa zenye mvua nyingi kuliko zote nchini, huufuga vizuri pamoja na kuvu ya ukutani. Namna ya pili huanza ukubwani, mara nyingi baada ya mafua makali, na haina mzio unaoweza kuonyeshwa. Wapo ambao mirija yao hukaza kwa mazoezi au kwa hewa baridi na kavu tu, na kwa mwanafunzi wa Mafinga au Makete akimbiaye kwenda shule asubuhi hiyo ni shida ya kila siku. Wapo pia wasio na mluzi kabisa bali kikohozi cha usiku kisichokwisha. Aidha, dawa nyingine huweza kuamsha shambulio kwa baadhi ya watu: aspirini na jamaa zake kama diklofenaki, na propranololi ambayo hutolewa kwa shinikizo la damu. Mwenye pumu hana budi kuitaja pumu yake kila anapoandikiwa dawa.

Namna inayovihusu vyama vya ushirika zaidi ya zote ni pumu ya kazini.

Tabia yake ni ya kipekee. Haimpati mtu siku ya kwanza. Hupita miezi, na mara nyingine miaka, ambapo mwili hujifunza kukichukia kitu fulani cha kazini. Kisha siku moja mlango hufunguka, na tangu hapo kiasi kidogo kabisa cha kitu hicho, kiasi ambacho mwenzake wa jirani hakioni, hutosha kumwangusha. Dalili zake za awali huwa puani na machoni. Mara nyingi kifua hubana jioni au usiku baada ya kazi, wala si kazini penyewe, jambo ambalo huwapoteza wengi. Swali linalofichua ni rahisi: je, siku za mapumziko hali inakuwa nafuu? Mtunza ghala wa mfano ule angeulizwa swali hilo moja katika msimu wa pili, huenda asingefika msimu wa nne katika hali ile.

Kahawa yenyewe imo katika orodha ya vitu hivyo, na ni vema wanachama walijue hilo bila kuogopa zao lao. Mnywaji wa kahawa hana hatari yoyote katika jambo hili. Vumbi la kahawa mbichi, kabla ya kukaangwa, ndilo lenye kuleta mzio, nalo huwa jingi pale kahawa inapomiminwa, inapokobolewa, inapopepetwa na inapofungwa upya katika magunia. Wataalamu wa nchi mbalimbali waligundua zamani kwamba hata magunia yana lawama yake: gunia lililowahi kubeba mbegu za mbarika, ambazo wengine huziita nyonyo, hubaki na vumbi la mbegu hizo, na vumbi hilo ni miongoni mwa vitu vikali kabisa vya kuamsha mzio. Gunia lisilojulikana lilikotoka si gunia la bei nafuu.

Jambo hili limechunguzwa nchini Tanzania penyewe. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norwei, walichapisha matokeo ya vipimo walivyovifanya katika viwanda vya kahawa vya arabika na vya robusta. Wafanyakazi wa kahawa walionekana kuwa na dalili za pumu zaidi ya wafanyakazi wa viwanda visivyo na vumbi hilo. Vumbi la robusta lilikuwa na sumu ya bakteria nyingi zaidi, kwa kuwa robusta hukaushwa ikiwa na ganda lote la nje, na vijidudu hupata muda wa kustawi. Arabika ya Mbeya na Mbozi kwa kawaida humenywa kwa maji kabla ya kukaushwa, na katika hili ina nafuu. Lakini kahawa ambayo mkulima huianika nyumbani bila kuimenya huingia ghalani na vumbi la namna ile ile. (Mbozi imo katika Mkoa wa Songwe tangu 2016, ila wakulima wa pande zote mbili za mpaka huo wanavuta vumbi moja.)

Mazao mengine nayo yana yake. Pareto, inayolimwa Umalila na katika nyanda za Iringa, Njombe na Makete, ni dawa ya wadudu iliyo salama kwa mtu ikiisha kusafishwa. Lakini vumbi la maua makavu huwasha ngozi, hutiririsha mafua, na kwa baadhi ya watu hubana kifua. Wanaoyapokea na kuyashindilia maua katika magunia ndio walio mbele ya hatari hiyo. Mashine za kukoboa mpunga na za kusaga unga hutoa vumbi la nafaka, na mwenye mashine mara nyingi hulivuta kwa miaka kumi akilihesabu kuwa sehemu ya mshahara. Unga wa mbao wa Mufindi ni jamaa ya hayo. Dawa ya vumbi inayochanganywa na mahindi ya kuhifadhi huchokoza mirija ya yeyote, na kwa mwenye pumu ni mbaya zaidi. Kazi hiyo yafaa ifanywe nje, mtu akiwa ameupa upepo mgongo, wala asipewe mtu mwenye kifua kibovu kwa sababu tu ndiye mtunza ghala.

Moshi wa jikoni wasitenganishwe nao wale wanaoujadili ugonjwa huu. Wakati wa baridi madirisha hufungwa, moto huachwa ukiwaka ili watoto waote, na mama na mtoto mdogo ndio hukaa ndani ya moshi huo kuliko wengine. Moshi wa kuni huchokoza mirija iliyokwisha kuvimba na huwafanya watoto kuugua vifua mara kwa mara. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unakusudia kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo 2034. Hadi hapo, tundu la moshi juu ya meko na kuni zilizokauka barabara vinafanya kazi kubwa kwa gharama ndogo.

Si kila kifua kinachobana ni pumu. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, chenye homa, jasho la usiku na kukonda, chapasa kupimwa kifua kikuu, na kipimo hicho kisicheleweshwe kwa kudhani ni pumu. Wala mwenye pumu asipewe dawa za kifua kikuu bila kupimwa, kama inavyotokea. Wazee waliochimba katika migodi ya kusini mwa Afrika, na vijana wanaoponda mawe ya dhahabu Chunya leo, hupatwa na ugonjwa mwingine: vumbi la jiwe hufanya makovu ndani ya mapafu yenyewe, kupumua huzidi kuwa kugumu mwaka hadi mwaka, na hakuna siku ya nafuu kamili. Pumu huenda na kurudi. Hicho ni kitambulisho chake kikubwa. Mganga mwenye kipima pumzi, chombo kidogo cha kupuliza kinachoonyesha nguvu ya hewa itokayo, anaweza kuyatofautisha kwa kukipima kifua kabla na baada ya dawa. Inafaa pia kusemwa kwamba pumu haiambukizi. Hakuna sababu ya kumtengea mtu kikombe, wala ya kuvunja posa.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 duniani walikuwa na pumu, na kwamba watu 455,000 walikufa kwayo. Vifo vingi hutokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Tofauti hiyo haitokani na ukali wa ugonjwa. Inatokana na dawa gani mgonjwa anaipata, na kama anaitumia ipasavyo.

Dawa za pumu ni za aina mbili, na kuzichanganya akilini ndilo kosa linalogharimu maisha. Ya kwanza ni ya kutuliza. Salbutamoli, iliyoanza kutumika 1969, hulegeza misuli ya mirija kwa muda wa dakika chache, na mgonjwa humshukuru Mungu. Lakini haigusi uvimbe. Ya pili ni ya kuzuia: steroidi ya kuvuta, kama beklometasoni iliyoanza kutolewa 1972, au budesonidi. Hiyo hupunguza uvimbe polepole, kwa siku na wiki, na mgonjwa anayeivuta leo hasikii lolote. Ndiyo maana huachwa. Mtu hununua ile anayoisikia, na kuiacha ile inayomponya. Anapohitaji kutuliza zaidi ya mara mbili kwa wiki, mirija yake inamwambia kwamba uvimbe haujadhibitiwa. Mwaka 2019 jopo la kimataifa la wataalamu wa pumu, GINA, lilibadili mwongozo wake na kusema kwamba mtu mzima au kijana wa miaka 12 na kuendelea asitibiwe tena kwa dawa ya kutuliza peke yake. Dawa moja inayounganisha budesonidi na fomoteroli, yenye kutuliza na kuzuia kwa pamoja, iliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani 2017.

Watu wengi huamini kwamba kipuliza dawa, kile kiitwacho pampu, ni cha wagonjwa wa mwisho, na kwamba anayekianza hatakiacha. Imani hiyo ni kinyume cha ukweli. Dawa ya kuvuta huenda moja kwa moja kwenye mirija kwa kiasi kidogo sana, ilhali kidonge huzunguka mwili mzima. Vidonge vya aminofilini, vilivyotegemewa sana zamani, vina nguvu ndogo kuliko pampu na madhara makubwa kuliko yake, maana kiasi cha kuponya na kiasi cha kudhuru viko karibu mno.

Pampu hata hivyo haifai kitu dawa ikiishia ulimini. Mtoto, na mtu mzima aliyebanwa, hawezi kupatanisha kubonyeza na kuvuta. Kuna chombo cha kuwekwa kati ya pampu na mdomo, nacho dukani si rahisi. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town, Afrika Kusini, wakiongozwa na Heather Zar, walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba chupa ya kawaida ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitakoni kwa umbo la mdomo wa pampu na kuzibwa pembeni kwa gundi isipitishe hewa, iliwafaa watoto wenye shambulio sawasawa na chombo cha dukani. Pampu hutikiswa na kuchomekwa kitakoni mwa chupa, mgonjwa huweka mdomo wa chupa kinywani, dawa hubonyezwa mara moja, naye huvuta pumzi polepole mara kadhaa kabla ya kubonyeza tena. Chupa ioshwe kwanza na kuachwa ikauke yenyewe. Ghala lisilo na chupa ya namna hiyo halina udhuru wa fedha.

Shambulio likimpata mtu ghalani, atolewe nje ya vumbi, aketishwe wima akiinamia mbele kidogo na kuegemeza mikono magotini. Asilazwe. Watu wasimzonge, wala asifukizwe kwa majani au kuvutishwa mvuke, kwani moshi huongeza kile kile kinachomuua. Apewe salbutamoli kwa chupa, bonyezo moja baada ya jingine, kuanzia manne hadi kumi, na kurudiwa kila dakika 20 katika saa ya kwanza huku usafiri ukitafutwa. Usafiri usingoje kuona kama dawa itafaa. Mtu asiyeweza kumaliza sentensi, ambaye midomo au kucha zake zinageuka rangi, au anayeanza kusinzia, yu karibu na kifo. Na iko dalili moja inayowadanganya hata watu wazima: mluzi kunyamaza ghafla wakati mgonjwa bado anahangaika. Hajapona. Hewa inayopita imekuwa kidogo mno hata haiwezi kutoa sauti.

Kuhusu ghala lenyewe, shauri la haraka ambalo wengi hulitoa ni kunyunyiza maji kabla ya kufagia. Katika ghala la kahawa shauri hilo ni la hasara, kwa kuwa kahawa iliyokaushwa hadi unyevu wa asilimia 10 hadi 12 hunywa maji ya hewani na kuota kuvu, na kuvu ni kichocheo kingine cha pumu. Lililo bora ni kufagia milango yote ikiwa wazi, wapagazi wakiwa nje, au kusukuma vumbi kwa tambara lililokamuliwa sana. Magunia yamiminwe upande upepo unakotokea, mtu asisimame upande unakoelekea. Kitambaa cha kufunga puani huzuia makapi yanayoonekana, hakizuii vumbi laini lifikalo kwenye mirija midogo. Barakoa ya viwandani iliyokaza usoni ndiyo inayozuia, nayo ikilowa au kuchakaa itupwe.

Sheria nayo ina neno. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri kumlinda mfanyakazi na hatari za kazi yake, na chama cha msingi kinachoajiri mtunza ghala ni mwajiri. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008, ambayo Mfuko wake ulianza kupokea michango 2015, inahusu ajali na pia magonjwa yatokanayo na kazi. Lakini dai la ugonjwa hudai kumbukumbu, na hapa ndipo vyama vinapolegea. Vyama vikuu vilifutwa 1976 na kurudishwa kwa sheria ya 1982, na katika kurudi huko vilijifunza kwa uchungu kuandika kila kilo iliyoingia na iliyotoka. Siku ambazo mtunza ghala alikosa kazi kwa sababu ya kifua haziandikwi popote. Daftari la kurasa chache, lenye tarehe, kazi aliyoifanya siku hiyo na jinsi alivyolala usiku wake, lingemsaidia daktari wa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya kujua ugonjwa katika ziara moja, na lingemsaidia mgonjwa kupata haki yake baadaye.

Kwa mtu ambaye mwili wake umekwisha kuikataa kahawa, dawa pekee haitoshi. Anayeondolewa mapema katika vumbi huwa na nafasi kubwa ya kupata nafuu, na wengine hupona kabisa. Anayebaki miaka mingi huondoka na pumu yake hata akiacha kazi. Kumfukuza si kumwondoa katika vumbi, maana atakwenda kubeba mpunga kwa mtu mwingine. Karibu kila chama kina meza ya mizani iliyo nje ya mlango, kina karani wa stakabadhi, kina mtu anayezunguka mashambani kukagua vichanja vya kuanikia. Kumhamishia mtu huyo kwenye mojawapo ya kazi hizo kabla ya Juni, kwa mshahara ule ule, ni jambo ambalo kamati inaweza kuliamua katika kikao kimoja, mradi tu yeye mwenyewe awe amethubutu kusema kwamba kifua kinambana.